Saa tano gani? Miezi sita ya kujitolea kwa kasa wa Muanda



Tangu nirudi Uvira, watu wananiuliza maswali mawili tu. La kwanza: "Ulienda kufanya nini kule?" La pili, hata sijamaliza kujibu la kwanza: "Na walikulipa ngapi?" Jibu la kwanza: nilienda kuhesabu mayai ya kobe wa bahari. Jibu la pili: hawakunilipa. Walinipa chumba, chakula, torshi na viatu vya mpira. Hapo wengi wanacheka na kubadilisha mazungumzo. Leo nimeamua kueleza vizuri, juu najua kati yenu wako wenye wanafikiri kwenda kujitolea mahali fulani baada ya kupata diploma, na ni heri mujue kazi yenyewe ikoje kabla ya kupanda gari. Nitaeleza pia kosa nililofanya kule, maana ndilo lilinifundisha kuliko yote.

Congo yetu iko na bahari

Sisi wa Mashariki tunasahau. Tukisema maji tunafikiri Tanganyika, Kivu, Edouard. Lakini nchi yetu inagusa Bahari ya Atlantiki, upande wa Kongo Central, kwa ukanda mfupi wa karibu kilometa 40, katikati ya Cabinda (ambayo ni Angola) na mdomo wa mto Congo. Mji wake ni Muanda. Hapo karibu kuna Parc Marin des Mangroves, hifadhi iliyoundwa mwaka 1992, yenye mikoko, ndege, nguva na huo mchanga ambao kasa wanakuja kutagia.

Kwetu tunasema kobe tu, wa nchi kavu na wa majini. Waswahili wa pwani ya Tanzania na Kenya wanamwita huyu wa bahari kasa, na mimi nimechukua jina hilo, juu ni fupi na linamtenga na yule wa porini. Kule Muanda tulikuwa tunaona hasa aina mbili. Wa kwanza ni mdogo, wa rangi ya zeituni, gamba lake lina urefu wa sentimeta 70 hivi na uzito wake ni kama kilo 40. Wa pili ni kasa ngozi. Huyu hana gamba gumu, mgongo wake umefunikwa na ngozi nyeusi yenye mistari mirefu, na anaweza kupita kilo 300. Ukimwona mara ya kwanza usiku akitoka majini, unadhani ni mtumbwi umepinduka na unajisukuma wenyewe.

Kasa hawa wanaishi baharini maisha yao yote. Jike tu ndiye anapanda mchanga, na ni kwa kutaga. Msimu unaanza mwezi wa tisa au wa kumi na kuisha mwezi wa tatu au wa nne. Mimi nilifika mwezi wa kumi.

Siku moja inavyopita

Nianze na usiku, maana kule siku inaanza usiku. Saa 20h tunatoka, watu wawili wawili: mtu mmoja wa mradi na mtu mmoja wa kijiji. Mimi nilipangwa na Muzee mmoja mvuvi, aliyekuwa zamani akiokota mayai na kuuza nyama ya kasa sokoni. Alisema hivyo mwenyewe siku ya kwanza, bila kuona haya: "Nimesomesha watoto wawili na mayai haya." Sasa mradi unampa posho kidogo kila mwezi na nyuzi za kutengeneza nyavu zake. Tulizungumza Kifaransa na Lingala yangu mbovu.

Tunatembea kilometa sita kwenda, sita kurudi, kwenye mchanga. Torshi ni ya mwanga mwekundu, na mara nyingi imezimwa. Kasa akiona mwanga mweupe kabla hajaanza kutaga, anageuka na kurudi majini. Kwa mimi niliyekulia Uvira hili lilikuwa jambo la ajabu. Kwetu wavuvi wanawasha taa usiku ili kuita ndagala. Ziwa lote linakuwa kama mji. Kule, taa ndiyo adui. Watoto wa kasa wakitoka mchangani wanafuata upande wenye mwanga zaidi, na tangu zamani upande huo ni bahari, inayong'aa kwa mwezi na nyota. Leo kuna taa za nyumba, na kuna moto wa gesi wa visima vya petroli unaoonekana kutoka mbali. Mtoto anadanganyika, anaenda upande wa barabara, na asubuhi unamkuta amekauka.

Tukikuta njia ya kasa kwenye mchanga, tunasimama. Tunasikiliza. Jike anachimba kwa mapezi ya nyuma, polepole, kama mtu anayechota unga kwa mkono. Tunasubiri mpaka aanze kutaga. Akisha kuanza, anakuwa kama amezama katika mawazo, hapo unaweza kumkaribia kwa nyuma, kupima gamba kwa mita laini kama ya fundi cherehani, na kuhesabu mayai yanavyoanguka. Wa rangi ya zeituni anataga kama 100, yanafanana na mipira ya tenisi ya mezani. Machozi yanamtoka. Watu wanasema analia uchungu wa kuzaa. Kweli ni chumvi ya bahari ambayo mwili wake unaitoa kupitia tezi za karibu na macho. Akimaliza anafukia, halafu huyu mdogo anapigapiga mchanga kwa tumbo lake, kulia, kushoto, kama anacheza ngoma, ili ushindiliwe. Kisha anaenda. Hatarudi kuangalia watoto.

Kila kitu kinaandikwa kwenye fishi: tarehe, saa, mahali, aina, urefu, idadi ya mayai, umbali toka maji. Saa inaandikwa kwa Kifaransa: 20h, 23h, 5h. Kumbukeni jambo hili, nitalirudilia.

Tunarudi karibu saa 2h, tunalala. Saa 5h wengine wanatoka tena kuangalia viota ambavyo vimetupita. Asubuhi ni kula kwanga na makayabu, au sombe, ambayo huko wanaita pondu. Mchana ni kufua, kusafisha uzio, kuingiza fishi kwenye kompyuta siku umeme ukiwepo, na kwenda kwenye shule za msingi kuzungumza na watoto. Siku ya posho ya wavuvi tunashona nyavu pamoja. Siku nyingi hakuna kitu. Tulipita siku tisa bila kuona hata njia moja. Wenye walikuja kutafuta picha nzuri za telefone waliondoka wiki hiyo.

Kwa nini tunahamisha mayai

Kiota kizuri kinaachwa mahali pake. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza. Lakini pwani ya Muanda inaliwa na bahari mwaka kwa mwaka, na kuna viota vinavyochimbwa chini sana, mahali ambapo maji yakijaa yatavifunika. Kuna pia mbwa, na kuna watu wenye njaa. Kwa viota vya namna hiyo tunachukua mayai na kuyazika ndani ya uzio wa miti na nyavu, juu kidogo ya ufuo, kwa kina kile kile ambacho mama alichimba: kama sentimeta 45 kwa yule mdogo, na zaidi sana kwa kasa ngozi.

Juu ya baadhi ya viota tunaweka kivuli cha makuti. Kasa hana jinsia akiwa yai bichi. Joto la mchanga ndilo linaamua. Mchanga wa moto unatoa majike, wa baridi unatoa madume, na karibu na digrii 29 wanachanganyika. Ukiacha uzio wote juani, unaweza kutoa msimu mzima wa majike bila waume.

Jambo la hatari ni muda. Yai la kuku unaweza kuligeuza, hata kuku mwenyewe anageuza mayai yake kila siku. Yai la kasa hapana. Saa chache baada ya kutagwa, kile kitakachokuwa mtoto kinapanda juu na kushikamana na ngozi ya ndani ya ganda. Ukilitikisa au kuligeuza baada ya hapo, kinang'oka na kufa, na kwa nje huoni kitu. Kwenye mradi wetu sheria ilikuwa: ndani ya saa mbili ni vizuri, mpaka saa sita unaweza kujaribu, baada ya saa sita usiguse.

Kosa langu

Ilikuwa mwezi wa kumi na mbili. Muzee alikuwa na malaria, na ule usiku mtoto wake wa kiume ndiye alilinda ufuo. Mimi nilitoka saa 5h na nusu peke yangu. Karibu na njia ya kijiji anakaa mama mmoja mwenye asili ya Kindu, mume wake ni mwanajeshi aliyehamishiwa huko. Ndiye mtu pekee niliyekuwa nazungumza naye Kiswahili, na nilikuwa napita kwake kila asubuhi hata bila sababu, nisikie tu lugha ya nyumbani. Siku hiyo aliniita:

"Mwanangu, kijana ameacha neno kwako. Kasa alipanda hapa chini ya mti ule ulioanguka. Ametaga saa tano. Yeye alishaenda ku mutumbwi."

Nikashukuru. Nikatoa fishi, nikaandika: 5h00. Nikakimbia. Kiota kilikuwa chini, karibu sana na maji. Nikafikiri: sasa ni saa 6h, yai lina saa moja tu, niko salama kabisa. Nikachimba, nikahamisha mayai 104 kwenye ndoo, nikayazika kwenye uzio. Saa 7h nilikuwa nimemaliza. Nilijisikia mtaalamu, na nikampigia mama yangu telefone kumwambia.

Mumeshaelewa. Mama wa Kindu alizungumza Kiswahili kama tunavyokizungumza sote nyumbani. Saa tano yake ilikuwa saa tano ya usiku, 23h. Angetaka kusema 5h angesema saa kumi na moja. Mimi niliyezaliwa na lugha hiyo, baada ya wiki nane za kuandika fishi kwa Kifaransa, nilisikia namba tu. Yale mayai hayakuwa na saa moja. Yalikuwa na saa saba wakati naanza kuyashika.

Nilijua siku 56 baadaye. Viota vingine vya wiki ile vilitoka vizuri, mchanga unatetemeka, halafu ghafla vichwa vidogo vyeusi, makumi, vinapanda kama maji ya chemchemi. Kutoka kwenye kiota changu walitoka sita. Tulisubiri siku tatu zaidi, kisha tukafukua, maana kila kiota kinafukuliwa mwishoni ili kuhesabu maganda na mayai yaliyoharibika. Mayai 98 hayakufunguka. Mkubwa wetu wa kazi alipasua machache mbele yetu. Mengi yalikuwa yamesimama mwanzoni kabisa, doa dogo tu ndani ya kiini.

Akaomba fishi. "Imeandikwa 5h, imehamishwa 6h. Haiwezekani."

Mtoto wa Muzee alikuwepo. Akasema, "Huyu si ni yule wa 23h, chini ya mti ulioanguka? Nilimwacha nikaenda kulala kidogo."

Mkubwa akaniangalia. "Nani alikuambia saa?"

Nikamweleza. Yeye ni mtu wa Goma, akaelewa palepale. Akauliza kwa Kiswahili, sauti chini: "Saa tano gani? Hukumuuliza?"

Sikumuuliza.

Kilichoniuma zaidi kilikuja jioni, nilipomweleza Muzee. Hakukasirika. Aliuliza maswali mawili tu. "Njia yake kwenye mchanga, ulikuwa umeona alama za kaa zimepita juu yake?" Nikakumbuka: ndiyo, zilikuwepo nyingi. Kaa wanatembea usiku. Wakishakuwa wamekatakata njia ya kasa hivyo, njia hiyo ni ya zamani. "Na upande wa chini, ilifika mpaka majini, au ilikatika?" Ilikuwa imekatika. Usiku ule maji yalijaa karibu saa 3h, jedwali la maji lilikuwa limebandikwa juu ya kitanda changu. Njia iliyofutwa chini maana yake ni kwamba kasa alirudi baharini kabla maji hayajajaa. Yaani mchanga ulikuwa umeandika 23h waziwazi, mara mbili. Niliutazama mchanga nikaona alama zote hizo, na sikuzisoma, juu nilikuwa na namba kwenye karatasi.

Mimi nina diploma ya biolojia. Muzee aliacha shule mwaka wa tatu wa msingi. Siku hiyo ni yeye tu angejua.

Swali lililobaki lilikuwa la fishi. Ripoti ya msimu ilikuwa inaandaliwa, na kiota kile kingeweza kuandikwa tu "kimeharibika, sababu haijulikani". Viota vinaharibika kila msimu, hakuna aliyekuwa ataniuliza. Na mimi nilikuwa natafuta barua nzuri ya kuonyesha wenye kutoa kazi. Nililala vibaya siku mbili. Siku ya tatu nikaomba fishi, nikakata 5h00 kwa mstari mmoja ili isomeke bado, nikaandika 23h00, nikaongeza sababu na sahihi yangu. Nilifikiria hivi: mwaka kesho mtu ataona kiota kilichohamishwa baada ya saa moja na kikafa, ataanza kufikiri kwamba uzio ni mbaya, au mchanga una ugonjwa, atahamisha uzio wote bure kwa sababu ya uongo wangu.

Tangu siku hiyo fishi ilipata mistari miwili mipya. Wa kwanza: "Umeona mwenyewe au umeambiwa?" Wa pili: "Njia: mbichi, ya zamani, imekatwa na maji, ina alama za kaa?" Mstari wa pili tuliuandika na Muzee, yeye anasema, mimi naandika. Na barua nilipewa, na kosa langu limeandikwa ndani pia.

Kama unataka kwenda

Usiende ukifikiri utaokoa wanyama. Kasa hawa wanalindwa na sheria yetu ya mwaka 2014 ya kulinda mazingira ya asili, na kimataifa biashara yao imekatazwa, lakini sheria haitembei kilometa 12 usiku. Anayetembea ni Muzee, na ataendelea kutembea ukisharudi kwenu. Kazi yako wewe ni kumsaidia, kuandika vizuri anachokijua, na kutokuwa mzigo kwake.

Kabla ya kukubali, uliza: chakula na chumba ni vya nani? Ukiugua nani analipa hospitali? Nani atakufundisha, na kwa siku ngapi, kabla hujaguswa kuguse mayai? Wenyeji wanapata nini? Ukiona mradi ambao wageni wanapiga picha na watoto wa kasa mikononi mchana, na hakuna hata mtu mmoja wa kijiji, kaa nyumbani. Nauli pia usiipuuze. Kutoka Kinshasa mpaka Muanda ni siku nzima na zaidi kupitia Matadi na Boma, na kipande cha mwisho ni vumbi au matope.

Na kama huwezi kufika Muanda, iko kazi hapa hapa. Kasa ngozi anakula hasa viwavi wa baharini, wale wanyama laini wanaoelea kama mfuko wa plastiki, na mfuko anaumeza kwa kudhani ni chakula. Sasa fuateni maji yetu: Kivu inamwagika Ruzizi, Ruzizi inaingia Tanganyika hapa Uvira, Tanganyika inatokea Kalemie kwa mto Lukuga, Lukuga inaingia Lualaba, na Lualaba ndiyo mto Congo. Ni njia ndefu sana, lakini ni njia moja, na mwisho wake ni ule ufuo niliokuwa natembea usiku. Kila asubuhi tuliokota chupa na mifuko iliyoletwa na mto. Siwezi kusema ni ya nani. Lakini tangu nirudi, nikimwona mtu anatupa mfuko ku Ruzizi, namwambia.

Juzi yule mama wa Kindu aliniandikia. Kiota cha kwanza cha msimu huu kimeshaonekana, chini ya mti ule ule ulioanguka. Alimalizia: "Saa tano ya usiku, mwanangu. Nimeandika usiku."